Sura ya Nne: Wiki Moja ya Mafua Lwiro

Mvua za Septemba zikishaanza kushuka kutoka upande wa Kahuzi, Lwiro nzima hukohoa. Kiangazi kimepita na kimeacha vumbi la barabara ya Katana kwenye koo za watu. Shule zimefunguliwa na watoto wanabanana kwenye madawati. Jioni baridi inaingia mapema, milango inafungwa, na familia nzima inakusanyika jikoni penye moshi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kilomita arobaini na ushei kaskazini ya Bukavu, kati ya msitu wa Kahuzi-Biega na Ziwa Kivu. Ikweta iko karibu, lakini usiku mtu anahitaji blanketi zito. Mafua ya huku hayasubiri majira ya theluji kama ya Ulaya. Yanakuja na mvua, yanapungua, yanarudi, na hakuna mwezi usiokuwa na mtu anayepenga kamasi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Dawa za miti shamba zina kazi ya kweli kwenye mafua, na kazi hiyo ni kumtunza mgonjwa wakati mwili wake unapambana. Anayezidai zaidi ya hapo anazikosea heshima, na siku moja atamchelewesha mtoto aliyetakiwa kufika hospitali tangu jana.

Tuanze na kichaka ambacho mama wengi wa huku Bushi hukikimbilia kabla ya kufikiria duka la dawa: muravumba. Kwa wataalamu wa mimea ni Tetradenia riparia, ndugu wa mnanaa na mrehani. Ni kichaka cha kimo cha mtu au zaidi, chenye shina laini na majani mapana yaliyojaa vinyweleo. Shika jani lake na utaona linanata kidogo. Lifikiche, na harufu kali itabaki vidoleni hadi unawe kwa sabuni. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani na kutoa maua madogo meupe yenye rangi ya zambarau kwa mbali, kisha mvua zikirudi majani nayo hurudi, wakati uleule vikohozi vinapoanza. Wengine hutwanga majani mabichi, wakayakamua na kunywa maji yake machungu. Wengine huyachemsha, wakafunika sufuria hadi yapoe, wakanywa kikombe kidogo asubuhi na jioni. Ng'ambo ya ziwa, Rwanda, kichaka hichohicho hutumika kwa kikohozi, homa na tumbo la kuhara, na katika miaka ya 1980 mtafiti Luc Van Puyvelde na wenzake waliofanya kazi Butare walitoa kwenye majani yake kemikali ambayo maabarani ilizuia baadhi ya bakteria na kuvu kukua. Kemikali hiyo ilionekana pia kulegeza misuli ya utumbo wa wanyama wa maabara.

Habari hizo ni njema, ila zisisomwe haraka. Bakteria kwenye sahani ya maabara ni jambo moja, na mafua kwenye pua ya mtoto ni jambo lingine kabisa, kwa sababu mafua hayaletwi na bakteria. Yanaletwa na virusi, na wanaoongoza ni rinovirusi, wenye aina zaidi ya 150, ndiyo maana mtu aliyeugua Oktoba anaweza kuugua tena Novemba. Gripi, au homa ya mafua, ina virusi wake peke yao, na wao humwangusha mtu kwa siku moja: mwili unauma, kichwa kinagonga, homa inapanda, mguu hautaki kubeba mwili. Mafua ya kawaida huanza polepole kwa koo kuwasha, pua ikafuata, kikohozi kikaja nyuma. Mara nyingi siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Baada ya siku saba hadi kumi mtu amepona, ingawa kikohozi kinaweza kumfuata hadi wiki ya tatu.

Hapo ndipo pagumu kwa anayetaka kujua ni mti gani unaoponya. Mtu huanza kunywa dawa siku anapozidiwa, ambayo ni ya pili au ya tatu. Siku ya sita anajisikia nafuu na kuishukuru dawa. Angekunywa maji ya moto matupu, siku ya sita ingefika vilevile. Hilo linaihusu dawa ya miti, na linaihusu zaidi ampisilini inayouzwa vidonge viwili viwili sokoni, ambayo haina lolote la kufanya kwa virusi na ambayo kila ikitumika ovyo huwafundisha bakteria kuizoea. Mama anayechemsha majani badala ya kununua vidonge hivyo kwa mafua ya kawaida amefanya uamuzi wa busara, hata kama majani yenyewe hayafupishi ugonjwa kwa siku moja. Amempa mgonjwa kinywaji cha moto, amemwongezea maji mwilini, amelainisha koo, na pesa yake bado iko mfukoni.

Yapo basi yanayofanya kazi kweli? Yapo, na la kwanza ni asali. Mwaka 2020 watafiti wa Oxford walikusanya majaribio 14 kuhusu asali na magonjwa ya njia ya hewa ya juu, wakakuta kwamba inapunguza kikohozi, wingi wake na ukali wake, kuliko matibabu mengine ya kawaida waliyoilinganisha nayo. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2001 kuhusu kikohozi na mafua ya watoto wadogo, lilipendekeza vinywaji salama vya nyumbani vya kulainisha koo kuliko dawa za kikohozi za dukani. Kijiko cha asali kabla ya kulala, peke yake au ndani ya maji ya uvuguvugu yenye limau, ni dawa ninayoitetea bila kusita. Kuna sharti moja lisilo na msamaha: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali kamwe, hata tone kwenye chuchu. Asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wanaoitwa Clostridium botulinum. Utumbo wa mtu mzima huzishinda, ila ndani ya utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli hadi mtoto ashindwe kunyonya na kupumua.

Tangawizi inaifuata asali, na hapa wapishi na wanasayansi wanakutana kwa jambo dogo linalopendeza. Mwaka 2013 watafiti wa Taiwan walijaribu maji ya tangawizi mbichi na ya tangawizi kavu dhidi ya virusi mmoja wa njia ya hewa kwenye chembe za binadamu maabarani. Mbichi ilizuia virusi kushika chembe. Kavu haikufua dafu. Hilo halijatuambia bado kwamba kikombe cha tangawizi kinazuia ugonjwa kifuani mwa mtu, lakini mwenye kuchagua kati ya kipande kibichi cha sokoni na unga wa kopo, achukue kipande. Kiponde, kichemshe dakika kumi, weka limau sufuria ikishatoka motoni.

Kuhusu kitunguu saumu, watu husema kinazuia mafua, na safari hii kuna jaribio la binadamu la kutazama. Nchini Uingereza watu 146 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa vidonge vya kitunguu saumu kila siku kwa wiki 12, jingine vidonge visivyo na kitu. Waliokula kitunguu saumu walipata mafua mara 24, wenzao mara 65. Tofauti ni kubwa na inavutia, ila jaribio ni moja tu, na washiriki waliandika wenyewe siku walizougua, tena kitunguu saumu kina harufu isiyofichika. Ningeendelea kukiweka kwenye mboga kila siku bila kumwahidi mtu kwamba hataugua. Vitamini C nayo imepimwa mara nyingi zaidi. Anayeipata kila siku haugui mara chache kuliko wengine, ila akiugua, siku zake hupungua kidogo: karibu asilimia 8 kwa mtu mzima na 14 kwa mtoto. Kuanza kuila siku pua inapofunga hakusaidii. Kwa maneno mengine, mapera na machungwa ya bustanini yaliwe mwaka mzima, yasingojee kikohozi.

Kisha kuna mvuke. Mwaka 2020, korona ilipofika Bukavu mwishoni mwa Machi, karibu kila jiko lilinukia mkalitusi. Majani ya mkalitusi, ya mwembe, ya mlimau na mchaichai yalitiwa kwenye sufuria moja, mtu akajifunika blanketi na kuinama juu yake. Tanzania walikuwa wakipiga nyungu vilevile, na Madagaska serikali yenyewe ikagawa kinywaji cha artemisia. Naelewa kabisa kwa nini. Watu walikuwa na hofu, chanjo haikuwepo, na mkalitusi ulikuwa pale kwenye mpaka wa shamba, mti mgeni wa Australia ambao umeshakuwa mwenyeji. Ndani ya majani yake kuna sineoli, mafuta yanayoleta ule ubaridi puani na kumfanya mtu ahisi njia imefunguka. Lakini tathmini za majaribio ya mvuke kwa mafua hazikupata faida ya kuaminika, na hatari yake inajulikana vizuri: maji yanayochemka chini ya blanketi, na mtoto asiyetulia. Mwaka huohuo wa 2020 madaktari wa hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, walitoa taarifa kwamba watoto walioungua kwa kufukizwa walikuwa wameongezeka sana. Mtu mzima anayependa mvuke na aendelee, nje au mlango ukiwa wazi, sufuria ikiwa imetolewa jikoni na kukaa chini mahali pasipoyumba. Asijifukize juu ya jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, maana hewa ya makaa huua bila kunuka. Mtoto asifukizwe kabisa. Na mafuta ya mkalitusi ya chupa yasinywewe: mililita chache tu zinaweza kumtia mtoto mdogo degedege.

Mubirizi nauweka peke yake, kwa sababu watu wengi wa Kivu wakiulizwa dawa ya kila kitu huutaja huo. Ni Vernonia amygdalina, mti wenye majani machungu kupita shubiri, na sifa yake imevuka ziwa Tanganyika. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale nchini Tanzania, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyeijua mimea ya kwao, walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku aliyekuwa mgonjwa. Alikuwa mlegevu na hakutaka kula. Walimwona akivunja tawi la mti huo, akimenya ganda na kufyonza maji machungu ya moyo wa tawi, kitu ambacho sokwe wazima hawakijali. Siku iliyofuata alianza kurudiwa na nguvu. Kalunde aliutambua mti papo hapo, kwa kuwa nyumbani kwao ulikuwa dawa ya tumbo. Tafiti zilizofuata zilielekea kwenye minyoo ya utumbo. Naukubali mubirizi kwa tumbo, na kwa mafua sina sababu ya kuusifu. Ukali wa uchungu haupimi nguvu ya dawa, ingawa wengi tumelelewa tukiamini hivyo.

Sokwe wanatuleta kwenye upande wa kinga, na Lwiro ina somo ambalo vijiji vingine havina. Tangu mwaka 2002 kuna hapa kituo kinachotunza sokwe na nyani wengine walionusurika na wawindaji na wafanyabiashara wa wanyama. Wanaowalisha ni wanakijiji wa hapahapa, wenye watoto wanaokohoa nyumbani. Na mafua yetu yanaua sokwe. Mwaka 2013, katika kundi la sokwe wa Kanyawara, msitu wa Kibale nchini Uganda, ugonjwa wa kifua uliua sokwe watano kati ya 56. Uchunguzi ulimpata rinovirusi C, yuleyule anayewapa watoto wetu kamasi. Ndiyo maana mtu anayekaribia wanyama hawa huvaa barakoa, ndiyo maana wageni wa sokwe wakubwa wa Kahuzi-Biega huambiwa wasogee mbali, na ndiyo maana mfanyakazi mwenye mafua anapaswa kubaki nyumbani hata akiwa amekunywa sufuria nzima ya muravumba. Dawa inaweza kumpa nafuu aliyeinywa. Virusi anaowapiga chafya hawapungui. Kinachowazuia kinajulikana: mikono iliyooshwa kwa sabuni, mdomo uliofunikwa, dirisha lililo wazi, kikombe kisichochangiwa. Ndoo zenye bomba zilizoenea Kivu wakati wa Ebola, ambayo ilifika hadi Mwenga Agosti 2019, zilikuwa kinga ya mafua pia. Inasikitisha kuona nyingi zikikauka milangoni pa shule baada ya hofu kupita.

Sasa niseme jambo ninalolihofia zaidi. Pembezoni mwa ziwa, homa haina haki ya kuitwa mafua kabla ya kupimwa. Malaria ipo Katana, ipo Miti, ipo Lwiro, na kwa mtoto inaweza kuanza kwa homa na kikohozi kidogo. Kipimo cha tone la damu kidoleni hakifiki nusu saa. Hakuna anayejua nguvu za mti kuliko watu wa mkoa huu: mikwinini imelimwa kwenye vilima vya Kivu, na kiwanda cha Pharmakina, kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1942, kimetoa kwinini ya malaria kutoka kwenye magome ya miti hiyo kwa miaka mingi. Gome lile ni dawa ya kweli kwa sababu mtu alilipima, akajua kiasi gani kinaponya na kiasi gani kinaziba masikio na kusumbua moyo. Artemisia nayo ilitoa artemisinini, iliyompa Tu Youyou wa China tuzo ya Nobel mwaka 2015. Pamoja na hayo, Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya majani ya artemisia kama tiba ya malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakitabiriki na vimelea wanaobaki hai hujifunza kuishinda.

Hofu ya pili ni nimonia. Wakati wa ukoloni taasisi iliyoanzishwa mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, ambayo leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, iliifanya Lwiro kuwa mahali pa kuchunguza utapiamlo wa watoto wa Bushi, na tatizo hilo halijaisha. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa hana akiba ya kupigana na kikohozi, na mafua aliyoyaanza Jumatatu yanaweza kuwa nimonia ifikapo Alhamisi. Kuitambua hakuhitaji mashine. Subiri mtoto atulie, asiwe ananyonya wala kulia. Inua shati uone kifua na tumbo. Weka simu dakika moja nzima, uhesabu kila kifua kinapopanda. Chini ya miezi miwili, hesabu ikifika 60 ni hatari. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja, ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Tazama pia chini ya mbavu: pakibonyea ndani kila anapovuta pumzi, au akishindwa kunywa, au akitapika kila kitu, au akilala na kuwa mzito kuamka, muravumba ubaki kichakani na mtoto abebwe kituo cha afya saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku. Dalili hizi zinapaswa kujulikana na kila mganga wa miti shamba kuanzia Mudaka hadi Kabamba. Waganga hao ndio mlango wa kwanza kwa familia nyingi, na mganga anayejua kuhesabu pumzi na kumpeleka mgonjwa mbele ameokoa maisha kwa njia ambayo hakuna mzizi ungeweza.

Watafiti wa Lwiro wameitunza sehemu ya maarifa haya. Kituo chao cha utafiti kina mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, pamoja na majina yake, na mwaka 2001 Chifundera Kusamba alichapisha orodha ya mimea ya dawa ya Bushi kutokana na kazi aliyoifanya kwa waganga na wazee. Kinachohitajika juu ya orodha ni kipimo: majani mangapi, maji kiasi gani, dakika ngapi motoni, nani asinywe. Hadi kipimo hicho kipatikane kwa muravumba, mjamzito na mtoto mchanga wasinyweshwe, na mtu mzima asizidishe kikombe kidogo akidhani kingi kitaharakisha.

Uchaguzi wa mti una uzito wake pia. Kuchuma majani hakuui kichaka. Kubandua gome kunaweza kuua mti mkubwa. Prunus africana, mti wa misitu ya milimani ambao wengine huchemsha gome lake kwa maumivu ya kifua, umebanduliwa sana kwa ajili ya dawa za tezi dume zinazouzwa Ulaya, hadi mwaka 1995 ukawekwa chini ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Kwa mafua ya wiki moja hakuna sababu ya mtu kuingia msituni na panga. Muravumba hushika kwa tawi: kata kipande cha urefu wa mkono, kichomeke karibu na jiko mvua za Septemba zinapoanza. Mchaichai hugawanywa kwa mashina, na tangawizi huota kutoka kwenye kipande chenye jicho kilichobaki jikoni.